Mala, Mursik na Biashara ya Kuongeza Kinga

Tangu korona ipite, hakuna kinachouzwa hapa Nakuru bila kupewa sifa ya kinga. Tangawizi huongeza kinga. Asali ya Baringo huongeza kinga. Uji wa wimbi, mbegu za maboga, maji ya ndimu ya asubuhi, vyote vinaongeza kinga, na anayekuuzia hakuambii inaongezwa kutoka wapi hadi wapi. Sasa zamu imefikia maziwa ya kuganda. Supamaketi za mjini zina rafu ya vichupa vilivyoandikwa "probiotiki" kwa herufi kubwa kuliko za neno maziwa, na bei yake haifanani kabisa na ya paketi ya mala, maziwa ya kuganda ya kawaida, iliyo kando yake.

Mimi si adui wa maziwa hayo. Nimelelewa na mala, nikaoa kwenye mursik, maziwa ya kuganda ya Wakalenjin yanayotengenezwa kwa kibuyu, na sina nia ya kuacha kimojawapo. Hoja yangu ni kwamba maziwa haya ni chakula kizuri, na baadhi yake huenda yakaisaidia kinga ya mwili kidogo, kwa watu fulani, kwa njia zilizopimwa. Ila msaada huo ni wa bakteria fulani mwenye jina, akiwa hai na akiwa kwa wingi wa kutosha. Ukilipia neno "probiotiki" peke yake umelipia wino.

Halafu hiyo kinga yenyewe. Tunaizungumzia kama tangi la maji juu ya paa: limepungua, jaza. Mwili haufanyi kazi hivyo. Kinga iliyopanda kupita kiasi ni ugonjwa. Mwenye pumu, mwenye mzio wa karanga, mwenye viungo vilivyovimba kwa sababu mwili wake unajishambulia, wote hao wana kinga inayofanya kazi kwa bidii, tena mno. Kinachotakiwa ni kinga inayojua nani wa kupigwa na nani wa kuachwa apite. Kwa hiyo mtu akikuambia kinywaji chake "kinapandisha kinga", ana haki ya kuulizwa: kinga ipi, na unataka ipande ifanye nini?

Mwaka 2001 wataalamu waliokutanishwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, walikubaliana maana ya probiotiki: vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea manufaa ya kiafya anayevitumia. Maana hiyo ni kali kuliko inavyoonekana. Vijidudu waliokufa hawahesabiwi. Wachache hawahesabiwi. Na kama hakuna manufaa yaliyoonyeshwa kwa watu, basi hao ni bakteria tu, wazuri wa kugandisha maziwa, lakini jina la probiotiki hawajalifikia.

Juma lililopita nilisimama mbele ya rafu hiyo nikageuza vichupa upande wa nyuma, mlinzi akinitazama kama mtu anayetafuta pa kuficha kitu. Cha kwanza kiliandikwa kwamba kina bakteria hai, basi, hakuna jina. Cha pili kilitaja ukoo na spishi, kikaishia hapo. Cha tatu kilikuwa cha kukaa nje ya friji kwa miezi, maana yake baada ya kuganda kilipitishwa kwenye moto, na kilichokuwa hai kikafa. Kimoja tu ndicho kilichotaja jina kamili. Na karibu vyote vilikuwa na sukari mstari wa pili, baada ya maziwa.

Jina kamili lina sehemu tatu, na hiyo ya tatu ndiyo iliyobeba ushahidi. Chukua bakteria aliyechunguzwa kuliko karibu wengine wote: Lacticaseibacillus rhamnosus GG. Zamani ukoo wake uliitwa Lactobacillus, hadi mwaka 2020 wanasayansi walipougawa kuwa koo nyingi, na lebo nyingi bado zinatumia jina la zamani. Hizo herufi GG zinatokana na Gorbach na Goldin, Wamarekani wawili waliomtenga katika miaka ya 1980. Rhamnosus mwingine asiye GG anaweza kuwa na tabia tofauti kabisa tumboni. Kwa hiyo kampuni inayotaja rhamnosus tu halafu inajivunia majaribio ya GG inavaa koti la mwenzake.

Kuna hesabu nyingine ya kufanya palepale dukani. Kanuni ya kimataifa ya Codex kuhusu maziwa yaliyochachushwa inataka yogati iwe na angalau bakteria milioni 10 wa kugandishia kwa kila gramu, na kama lebo inataja bakteria mwingine wa ziada, huyo awe angalau milioni 1 kwa gramu. Kikombe cha gramu 200 chenye kima hicho cha chini kina bakteria wa ziada milioni 200. Majaribio mengi yaliyotoa matokeo yalitumia mabilioni kwa siku. Yaani unaweza kunywa kitu halali kabisa, kisicho na udanganyifu wowote, na bado uwe mbali na kile kilichopimwa. Na hapo hatujazungumzia safari ya kutoka kiwandani, lori, duka, friji ambayo stima ikipotea mchana kutwa inageuka kabati. Bakteria hawa hupungua kadiri siku zinavyokwenda, na joto huwaharakisha.

Sasa tuseme umepata chupa ya kweli. Inafanya nini?

Chembe nyingi za kinga za mwili ziko kwenye utumbo, na ukifikiria ina mantiki. Ukuta wa utumbo umetandikwa safu moja tu ya chembe, iliyofunikwa na ute. Upande mmoja kuna matrilioni ya bakteria pamoja na ugali wa jana. Upande wa pili, damu yako. Mpaka mwembamba namna hiyo hauachwi bila askari. Katika utumbo mwembamba kuna vituo vidogo viitwavyo mabaka ya Peyer. Juu ya vituo hivyo zimo chembe maalumu ambazo kazi yake ni kuchota sampuli ya kinachopita na kuishusha chini, kwa chembe za kinga zinazosubiri. Hizo huikagua. Kama ni hatari, kengele inalia. Kama ni chakula au bakteria wa siku zote, chembe nyingine hutoa amri ya utulivu. Na hapohapo mwili hutengeneza kingamwili za aina ya IgA, ambazo humwagwa kwenye ute zikawanase vijidudu kabla hawajaugusa ukuta.

Bakteria wa maziwa wanaingia katika shughuli hiyo kama wapita njia. Wanapopita huacha asidi, na vijidudu wengi wa magonjwa hawaipendi. Wanagombea chakula na nafasi. Vipande vya maganda yao vinatambuliwa na vipokezi vya chembe za kinga, na kulingana na bakteria ni nani, itikio huwa la kuamsha au la kutuliza. Katika maabara, baadhi wameonekana kukaza viungio kati ya chembe za ukuta, ili kisichotakiwa kisipenye. Na kuna vitu ambavyo bakteria walishavitengeneza ndani ya maziwa kabla hujayanywa, kama asidi ya laktiki na vipande vya protini zilizomeng'enywa, ambavyo vinafika hata kama aliyevitengeneza amekufa njiani.

Mara nyingi watu hudhani bakteria hao wanahamia tumboni na kujenga. Wengi hawajengi. Ukiacha kunywa, baada ya muda si mrefu hawaonekani tena. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann huko Israeli waliingiza kamera matumboni mwa watu waliokuwa wakinywa probiotiki, wakakuta miili ya wengine inawakubali wageni kwa muda na ya wengine inawafukuza moja kwa moja. Kundi hilohilo la watafiti liliona jambo ambalo naliona kubwa zaidi: kwa watu waliotoka kumeza antibiotiki, mchanganyiko wa probiotiki walioupewa ulichelewesha kurudi kwa bakteria wao wa asili. Lilikuwa jaribio dogo, na mchanganyiko ulikuwa wa vidonge, si maziwa. Lakini ule ushauri wa kila mtu, wa "umemeza antibiotiki, sasa kunywa probiotiki", hausimami kwa uthabiti tuliodhani.

Wazo lenyewe ni la zamani. Ilya Mechnikov, Mrusi aliyefanya kazi Taasisi ya Pasteur mjini Paris, ndiye aliyegundua chembe zinazomeza vijidudu, na kwa hilo akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich. Mtu wa kinga haswa. Na ndiye huyohuyo aliyeanza kuhubiri kwamba maziwa ya kuganda ya Wabulgaria yanarefusha maisha. Aliyanywa kwa miaka, akafariki mwaka 1916 akiwa na miaka 71. Kwa enzi yake haukuwa umri mbaya, ila haukuwa ule wa wazee wa Bulgaria aliokuwa akiwasifu. Baadaye ikaonekana kwamba bakteria wa Bulgaria hapendi kukaa tumboni mwa binadamu. Huko Japani, Minoru Shirota akatafuta anayeweza kuvumilia asidi ya tumbo na nyongo, akampata mwaka 1930, na mwaka 1935 kikaingia sokoni kinywaji kinachoitwa Yakult. Vichupa vidogo tunavyoviona leo ni wajukuu wa hicho.

Lakini hadithi inayotuhusu sisi wa upande huu haikutokea Paris wala Japani. Ilitokea Mwanza, Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Victoria, ziwa letu hilihili.

Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Western cha Canada kilishirikiana na watafiti wa Mwanza na kikundi cha akina mama kuanzisha jiko la yogati. Wakatumia bakteria aitwaye rhamnosus GR-1, ambaye alitengwa awali kutoka mwilini mwa mwanamke mwenye afya huko Canada, na yogati yenyewe ikaitwa Fiti. Akina mama walijifunza kuchemsha, kupoza, kupanda mbegu ya bakteria, kusubiri, kuuza. Sehemu ya yogati iligawiwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Virusi hivi huharibu kinga ya utumbo mapema sana, kwa hiyo swali lilikuwa la maana: je, bakteria hawa wanaweza kusaidia hapo?

Utafiti mmoja ulifuatilia watu waliokuwa wakinywa Fiti na wasiokuwa wakinywa, ukaona CD4 za wanywaji, zile chembe za kinga ambazo virusi hivi huzishambulia, zikipanda kidogo zaidi. Habari hiyo ikasafiri. Nadhani hata wewe umewahi kuisikia kwa namna moja au nyingine. Mimi niliisikia stendi ya Kisumu, kijana mwenye sanduku la barafu begani akiwaambia abiria waliokuwa wakisubiri gari lijae kwamba yogati yake "inapandisha CD4, hata wazungu wamethibitisha". Alikuwa na maneno matamu, na aliuza.

Asichokisema, na pengine hakukijua, ni kilichofuata. Watafiti walifanya jaribio la namna nyingine, palepale Mwanza. Walichukua watu 112 wenye virusi ambao walikuwa hawajaanza dawa, wakawagawa kwa bahati nasibu. Wote walipewa yogati iliyoongezwa vitamini na madini. Nusu ilikuwa na GR-1, nusu haikuwa naye, na hakuna aliyejua anakunywa ipi. Baada ya wiki nne, CD4 za makundi yote mawili zilikuwa zimeshuka, na karibu kwa kiasi kilekile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Stendi hayajafika.

Kwa nini tafiti mbili za mji mmoja zitofautiane? Kwa sababu anayekwenda kuchukua yogati kila siku si sawa na asiyekwenda. Huenda anaishi karibu na kituo. Huenda ana nguvu ya kutembea. Huenda ana mtu nyumbani anayemkumbusha dawa. Huenda anakula vizuri zaidi, na hiyo yogati ni protini na nguvu alizokuwa akizikosa. Ukiwaacha watu wajigawe wenyewe, unapima maisha yao yote, halafu unampa bakteria sifa. Ukiwagawa kwa bahati nasibu, hizo tofauti zinasambaa pande zote mbili na bakteria anabaki na chake. Jaribio la wiki nne ni fupi, na yogati hiyo haikumdhuru mtu. Kama chakula kwa mgonjwa aliyekonda mimi naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini huko Nyanza, ambako karibu kila ukoo umeguswa, neno "inapandisha CD4" si neno la kuchezea. Kuna atakayelisikia akaruka tembe. Dawa za kupunguza makali ya virusi ndizo zinazoirudisha kinga, na siku hizi kliniki inaangalia zaidi wingi wa virusi kwenye damu kuliko hizo CD4. Yogati haijaonyeshwa kupunguza virusi hata kidogo.

Je, kuna mahali ambapo imeonyesha kitu? Ndiyo, na ni haki kusema. Kolkata, India, watoto 3,758 wa mtaa wa mabanda wenye umri wa mwaka 1 hadi 5 walipewa kichupa kila siku kwa wiki 12, wengine chenye bakteria wa Shirota, wengine kisicho naye. Visa vya kuhara vilipungua kwa asilimia 14 kwa waliopata bakteria. Asilimia 14 si muujiza, ila kwa mzazi anayeishi mahali maji si ya kuaminika, si kitu cha kudharau pia. Kuhusu mafua na magonjwa ya koo, wachambuzi wa shirika la Cochrane wamejumlisha majaribio mengi, ya maziwa na ya vidonge, wakaona wanaotumia probiotiki huugua mara chache kidogo kuliko wengine, na wakiugua hupona mapema kwa kama siku moja au mbili. Wenyewe wanaonya kwamba ubora wa majaribio mengi si wa kutegemea sana. Kuna pia tafiti zilizoona wazee wakiitikia chanjo ya homa ya mafua vizuri zaidi kidogo baada ya kunywa maziwa haya.

Upande wa pili wa mizani ni mzito vilevile. Mwaka 2018 majaribio mawili makubwa, la Marekani lenye watoto 971 na la Canada lenye watoto 886, yaliwapa watoto waliofika hospitali wakitapika na kuhara probiotiki au unga usio na kitu. Hawakupona haraka zaidi. Huko Marekani aliyetumiwa alikuwa GG, yule bingwa mwenyewe. Malawi, mwaka 2009, watoto 795 wenye utapiamlo mkali walipewa chakula cha tiba, wengine kikiwa kimechanganywa na probiotiki. Haikuleta tofauti katika kupona utapiamlo. Ukiniuliza ni lipi kati ya hayo linafanana na watoto wetu wa wodini, nitasema Malawi.

Wasimamizi wa sheria nao walishafika hapa. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilipitia madai mengi ya probiotiki na kinga ikayakataa karibu yote, kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Ilichokubali ni dai la kawaida kabisa: kwamba bakteria hai wa yogati humsaidia mtu anayeshindwa kusaga sukari ya maziwa. Kwetu hilo si jipya. Ni wengi wanaokunywa maziwa freshi tumbo likanguruma, lakini mala inashuka bila matata. Na huko Marekani mwaka 2010 kampuni ya Danone ilikubali kulipa dola milioni 21 kwa majimbo 39 na kuacha kutangaza vinywaji vyake kana kwamba vinakinga mafua. Ndiyo maana ninashangaa nikisoma maneno yaleyale, yaliyoondolewa kule, yamebandikwa kwenye rafu hapa.

Matokeo yanayonivutia mimi zaidi yalitoka Stanford mwaka 2021, ingawa watu walikuwa 36 tu. Nusu yao waliongezewa vyakula vilivyochachushwa vya aina mbalimbali kwa wiki 10, yogati, kefiri, kabichi ya kuchacha, hadi wakafika kama visehemu sita kwa siku. Aina za bakteria tumboni mwao ziliongezeka, na protini 19 za damu zinazoashiria uvimbe wa ndani kwa ndani zilipungua. Angalia kwamba kinga hapo haikupanda. Ilitulia. Na haikutokana na kichupa kimoja cha asubuhi, ilitokana na kula hivyo siku nzima. Hilo linafanana zaidi na jinsi wazee wetu walivyokuwa wakiishi kuliko tangazo lolote.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye mursik.

Nyumbani kwa wakwe zangu, upande wa Rongai, mursik bado hutengenezwa kwa kibuyu, sotet. Kwanza kibuyu kinasuguliwa ndani kwa sosiot, ule ufagio wa ujiti mrefu wa mtende, kikasuuzwa na kuanikwa hadi kikauke kabisa. Kisha kijiti cha senetwet kinachomwa motoni mpaka kichwa chake kiwe kaa jekundu, kinaingizwa kibuyuni, na mama mkwe anakizungusha akikandamiza kuta, polepole, shingo ya kibuyu ikitoa moshi, hadi unga mweusi laini ushike kila pembe. Unga wa ziada unakung'utwa. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa yanamiminwa, kifuniko kinafungwa, na kibuyu kinawekwa pembeni penye ubaridi kwa siku kadhaa. Kikifunguliwa, maziwa yana rangi ya kijivu inayoelekea ubuluu na harufu ya moshi ambayo hakuna kiwanda kilichoweza kuiiga. Ndiyo inayonyweshwa wanariadha wetu wakirudi na medali.

Watafiti wa Kenya wamechunguza maziwa ya kienyeji ya namna hii, mursik, kule naoto ya Wamaasai, amabere amaruranu ya Wakisii, wakakuta humo bakteria wa asidi ya laktiki wa aina nyingi pamoja na hamira. Baadhi yao, maabara, wanavumilia asidi na nyongo vizuri. Ni dalili njema. Lakini rudi kwenye ile maana ya mwaka 2001: hai, ndiyo, wengi, yumkini, wenye manufaa yaliyoonyeshwa kwa watu, bado. Na kila kibuyu kina ukoo wake wa vijidudu, kwa hiyo hata utafiti mzuri wa kibuyu cha Bomet hauwezi kukisemea cha Rongai.

Kuna mambo mawili ninayotaka yasemwe kila nikienda huko, na kwa adabu ya nyumba ile siyasemi mwenyewe. Mke wangu ndiye hubeba hoja mbele ya mama yake. La kwanza ni kuchemsha. Zamani maziwa yalitiwa kibuyuni mabichi, na wapo majirani wanaofanya hivyo hadi leo wakiamini uchachu utaua kila kitu. Uchachu hauaminiki kwa brusela. Ugonjwa huo huleta homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku na viungo kuuma, na watu huzungushwa wakitibiwa malaria na taifodi kwa miezi. Ni kichekesho kichungu mtu kutafuta kinga kwenye kikombe akaambulia hilo. Mama mkwe alikubali kuchemsha, akisema ladha imepungua kidogo.

La pili ni gumu zaidi. Mwaka 2013 watafiti walipima mursik ya magharibi mwa Kenya wakakuta pombe kidogo na asetaldehaidi, kemikali inayotokana na pombe, ambayo katika baadhi ya sampuli ilizidi kiwango kinachojulikana kuharibu vinasaba. Waliipima kwa sababu eneo hilo, Bomet hasa, lina saratani nyingi ya umio. Sampuli zilikuwa chache, na kupima kibuyu si kuthibitisha kwamba mnywaji ataugua. Chai inayonywewa ya moto sana nayo inatuhumiwa. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani, mwaka 2016. Mimi bado ninakunywa mursik, kikombe si debe, na chai ninaisubiri ipoe. Wanaosema mursik ni dawa ya asili isiyo na dosari hawajausoma utafiti huo, na wanaosema ni sumu wamesoma kichwa cha habari tu.

Wapo ambao sitawahimiza kabisa kunywa bakteria hai kwa ajili ya kinga bila kumwuliza daktari: mtu aliye kwenye tiba ya saratani, aliyelazwa mahututi, aliyepandikizwa kiungo. Uholanzi mwaka 2008 walichapisha jaribio la wagonjwa 296 wenye uvimbe mkali wa kongosho. Waliopewa probiotiki kwa mrija walifariki 24, na waliopewa kisicho na kitu walifariki 9. Hao walikuwa wagonjwa mno na kilichotumika hakikuwa maziwa, lakini inatosha kuondoa lile neno la "hakina madhara, jaribu tu". Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani nayo ilionya kuhusu kuwapa probiotiki watoto waliozaliwa kabla ya wakati.

Kwetu nyumbani tunanunua mala ya kawaida isiyotiwa sukari, kwa sababu ni tamu, inashibisha na ina protini, na hiyo inatosha kuitoa pesa mfukoni. Kichupa cha bei nimekiacha rafuni. Mbegu ya pakiti nimewahi kumpelekea mama mkwe, ile yenye rhamnosus aliyepewa jina la yoba 2012, uzao uleule wa GG baada ya hataza yake kuisha, ambaye peke yake hawezi kutumia sukari ya maziwa na hivyo huwekwa pamoja na mwenzake wa kumsaidia kukua. Inatumika sana Uganda na imefika Kenya. Aliionja akaiita maziwa ya dukani, akawapa vijana wanaochunga ng'ombe.

Mgogoro uliobaki ni wa mtoto wetu wa miezi minne. Bibi yake anataka amchovyee kidole cha mursik ulimini, kama alivyowafanyia wote, ili awe na nguvu. Mke wangu amesema mtoto ni wa ziwa la mama peke yake mpaka miezi sita itimie, na kwamba maziwa hayo ya mama nayo yamejaa IgA, ile ile ya ukutani mwa utumbo. Bibi alisikiliza, akauliza hiyo IgA inauzwa wapi. Tunarudi huko Desemba.